“Angalieni kwenu kwanza”: ni lini Mmarekani husikia lawama ya mgeni?

Msomaji wa Mombasa anayejitolea katika shirika dogo la haki za binadamu anasema kila akiwaandikia Wamarekani kuhusu gereza lao la kijeshi la Guantánamo, adhabu ya kifo au polisi wao, hujibiwa kwa kimya, au kwa “angalieni kwenu kwanza”, au kwa mhadhara mrefu kuhusu katiba yao. Anauliza: je, lawama ya mtu wa nje imewahi kubadilisha chochote kule? Na kama imewahi, aandike nini, na amwandikie nani?

Imewahi, tena zaidi ya Wamarekani wenyewe wanavyopenda kukiri. Ukizipitia kesi moja moja utaona kwamba mgeni aliposikilizwa, mara nyingi alikuwa amepita kwenye mlango ambao Mmarekani anautambua kuwa wa kwake: katiba yake, biashara yake, jina la nchi yake mbele ya watu anaowahitaji, au usalama wa raia wake walio ng’ambo. Barua nyingi za kwetu hubisha hodi kwenye mlango wa sheria ya kimataifa, na huo umepigwa misumari kwa ndani tangu miaka ya 1950.

Kwanza tuweke sawa maneno, maana Kiswahili kinatuponza kidogo hapa. “Haki za kiraia” tunazisema kwa vitu viwili ambavyo Mmarekani havichanganyi. Kimoja ni uhuru wa raia mbele ya serikali: kusema, kuabudu, kutopekuliwa nyumba bila hati, kutofungwa bila kufikishwa kwa hakimu. Mwingi wa uhuru huo umo katika marekebisho kumi ya kwanza ya katiba, yaliyoidhinishwa 1791. Cha pili ni haki ya kutobaguliwa, iliyokuja baadaye, kwa vita na kwa sheria kama ile ya 1964. Cha kwanza anajivunia kama mtu anavyojivunia nasaba. Cha pili kina doa, naye analijua. Ukimkosoa kwenye ubaguzi, huenda akainamisha kichwa. Ukimwambia kwamba nchi yake inaruhusu mno maneno ya chuki, atakuona wewe ndiye wa kuonewa huruma.

Mfano wa hilo la mwisho ni kesi ya Rachel Ehrenfeld, mwandishi wa New York, aliyeshtakiwa London na tajiri wa Kisaudia kwa kitabu ambacho nakala 23 tu ndizo zilizouzwa Uingereza. Alishindwa kesi. Jibu la Marekani lilikuwa sheria ya Agosti 2010 inayozikataza mahakama zao kutekeleza hukumu ya kashfa kutoka nje, isipokuwa kama mwandishi alipata ulinzi sawa na ule wa katiba yao, au angeshindwa hata kama kesi ingesikilizwa kwao. Republican na Democrat waliipitisha kwa pamoja. Hapo usipoteze stempu yako.

Sasa huo mlango wa misumari. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, Kenya iliuridhia 1972 na Tanzania 1976. Marekani iliuridhia 1992, tena kwa masharti chungu nzima, likiwemo tamko kwamba vifungu vya 1 hadi 27 haviwezi kutumiwa mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuvitekeleza. Itifaki inayomruhusu mtu binafsi kulalamika mbele ya kamati ya mkataba huo hawajaingia. Mkenya aliyezoea kifungu cha 2(6) cha katiba ya 2010, kinachoufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya nchi, huteleza hapa. Anadhani ametaja sheria, kumbe kwa hakimu wa Texas ametaja maoni. Hali hiyo ina historia: mwaka 1954 Seneti ilikosa kura moja tu, 60 kwa 31, kupitisha marekebisho ya katiba ya kubana nguvu ya mikataba, na hofu kubwa ya wanasiasa wa Kusini ilikuwa kwamba mikataba ya Umoja wa Mataifa ingevunja ubaguzi wao wa rangi. Marekebisho yalianguka, hofu ikabaki. Mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari walioutia saini 1948 waliuridhia 1988.

Sasa tutazame mahali ambapo lawama ilipenya. Mwaka 1958 mfanyakazi mweusi wa Alabama, Jimmy Wilson, alikuwa anangoja kuuawa kwa kumwibia mwanamke mzungu pesa isiyofika dola 2. Ndiyo, dola mbili. Sheria ya Alabama iliruhusu adhabu ya kifo kwa unyang’anyi, na wazee wa baraza wote walikuwa weupe. Mahakama ya jimbo ilithibitisha hukumu. Habari ikavuka bahari, na Gavana James Folsom akaanza kupokea barua kiasi cha elfu moja kwa siku. Balozi za Marekani nazo zikawa zinaarifu Washington jinsi watu walivyokasirika, mpaka Waziri wa Mambo ya Nje, John Foster Dulles, akampelekea gavana telegramu kumweleza hali hiyo. Folsom akabadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha.

Barua zile zilifanya kazi kwa sababu mbili. Alabama inampa gavana peke yake uwezo wa kumwokoa aliyehukumiwa kifo, kwa hiyo shinikizo lote lilimwangukia mtu mmoja mwenye kalamu. Pili, ulikuwa wakati wa Vita Baridi, na Washington ilikuwa inawabembeleza Waafrika na Waasia wasielekee Moscow. Tangu Desemba 1952, katika kesi ya shule za kibaguzi iliyoamuliwa 1954, Wizara ya Sheria ilikwisha kuiandikia Mahakama ya Juu kwamba ubaguzi unaiharibia nchi jina kwa mataifa mengine. Balozi wa Chad alipokataliwa huduma kwenye mkahawa wa barabara kuu ya Maryland mwaka 1961, Ikulu ya Rais John F. Kennedy ililichukua kama suala la diplomasia, na miaka miwili baadaye jimbo hilo likapitisha sheria dhidi ya ubaguzi wa namna hiyo. Mei 1963, viongozi wa Afrika walipokutana Addis Ababa kuunda OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Milton Obote wa Uganda alimwandikia Kennedy barua ya wazi kuhusu mbwa na mabomba ya maji ambayo polisi wa Birmingham, Alabama, waliwatumia dhidi ya waandamanaji weusi. Msovieti alikuwa akisema hayo hayo kila siku na Wamarekani wakimpuuza kama adui. Obote alikuwa mtu waliyetaka awe rafiki.

Kwa hiyo “angalieni kwenu kwanza” si ukaidi mtupu. Ni ngao waliyoizoea dhidi ya Moscow, na siku hizi dhidi ya Beijing. Njia ya kuivua ni kuanza na ya kwenu wewe mwenyewe, kwa sentensi moja isiyo na visingizio: “Kenya bado ina adhabu ya kifo vitabuni, ingawa haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama yetu ya Juu iliamua kwamba jaji asilazimishwe kuitoa kwa kosa la mauaji.” Baada ya hapo, atakayekuambia uangalie kwenu atakuwa hajasoma barua yako.

Kwa upande wa mahakama, siku nane za mwaka 2005 zinatosha kuonyesha jinsi nchi moja inavyoweza kusikia kwa sikio moja na kuziba la pili. Jumatatu, Februari 28, Rais George W. Bush alitoa waraka akizitaka mahakama za majimbo zitekeleze hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, iliyosema mwaka mmoja kabla kwamba raia 51 wa Mexico walihukumiwa kifo bila kuelezwa haki yao ya kuwasiliana na ubalozi. Kesho yake, Machi 1, Mahakama ya Juu ilifuta, kwa kura 5 dhidi ya 4, adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18. Jumatatu iliyofuata, Machi 7, serikali ile ile ya Bush ikajitoa kwenye itifaki iliyoiwezesha mahakama ya The Hague kusikiliza kesi kama ya Mexico.

Hukumu ya Machi 1 isome kwa mpangilio wake, maana mpangilio ndio somo. Jaji Anthony Kennedy alianza na katiba yao na maneno yake dhidi ya adhabu za kikatili. Akahesabu majimbo: 30 yalikuwa yamekwisha kukataa kuwaua watoto. Ndipo mwishoni akaugeukia ulimwengu, akasema tangu 1990 ni nchi saba tu, ukiacha Marekani, zilizowahi kuwaua wakosaji wa umri huo: Iran, Pakistan, Saudi Arabia, Yemen, Nigeria, Kongo ya Kinshasa na China, na kwamba kufikia wakati huo hata hizo zilikuwa zimeifuta adhabu hiyo au kuikana hadharani. Maoni ya nje, akasema, hayaamui kesi, ila yanathibitisha. Jaji Antonin Scalia hakukubali hata hilo. Wazo kwamba sheria ya Marekani ifuate ya wengine, kwake, lilistahili kutupwa moja kwa moja, na aliwakejeli wenzake kwamba huutaja ulimwengu pale tu unapokubaliana nao. Kejeli hiyo ina ukweli ndani yake. Ukitaja Ulaya kwenye adhabu ya kifo, jiandae kuulizwa mbona huitaji kwenye mambo ambayo Ulaya ni kali kuliko wao.

Na waraka wa Bush uliishia wapi? Machi 2008 Mahakama ya Juu iliamua, 6 kwa 3, kwamba si hukumu ya The Hague wala waraka wa rais unaoweza kuilazimisha Texas. José Medellín, mmoja wa wale 51, akauawa Texas Agosti 5 mwaka huo. Linganisha na Osbaldo Torres, Mmexico mwenzake aliyekuwa kwenye orodha ile ile, lakini gerezani Oklahoma. Siku yake ya kuuawa ilipangwa Mei 18, 2004. Siku tano kabla, Gavana Brad Henry alimpunguzia adhabu kuwa kifungo cha maisha bila msamaha, baada ya bodi ya msamaha kumshauri hivyo. Katika sababu zake alitaja kwamba mkataba wa kibalozi unawalinda pia Wamarekani wanaokamatwa nchi za nje. Hoja hiyo ishike vizuri, kwa sababu haimwambii gavana atii ulimwengu. Inamkumbusha mtoto wa Oklahoma aliyekamatwa Nairobi anayetaka kumwona afisa wa ubalozi wake.

Kuna njia nyingine isiyohitaji barua kabisa, nayo ni biashara. Uingereza ilizuia mwaka 2010 kuuza nje dawa ya usingizi iliyotumika kuua wafungwa, na Umoja wa Ulaya ukafuata Desemba 2011. Missouri ilipotaka kutumia propofol Oktoba 2013, hospitali zilishtuka: sehemu kubwa ya dawa hiyo ya upasuaji ilitoka Ujerumani, na Ulaya ingeweza kufunga bomba. Gavana Jay Nixon akasimamisha mauaji yaliyopangwa Oktoba 23. Ila usishangilie mapema. Jimbo lilipata dawa nyingine kutoka duka linalochanganya dawa kwa oda, mfungwa yule yule akauawa Desemba, na mwaka 2014 Missouri ikaua watu 10. Alabama ilianza kuua kwa gesi ya naitrojeni Januari 2024. Shinikizo la biashara huchelewesha na hupandisha gharama. Nia ya jimbo huwa halijaigusa.

Guantánamo inatuhusu kwa karibu. Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa Februari 2007, akapelekwa huko mwezi uliofuata, na akarudishwa Kenya Desemba 2024 bila kufunguliwa mashtaka hata siku moja. Katika kesi ya kwanza ya wafungwa wa huko, wabunge 175 wa mabunge yote mawili ya Uingereza waliandika mahakamani kuwaunga mkono. Hoja iliyowapa ushindi 2004, na tena 2008 kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikuwa haki ya kale ya mfungwa kupelekwa mbele ya jaji aelezwe kwa nini amefungwa. Wamarekani waliirithi kwa Waingereza na kuiandika kwenye katiba yao. Waingereza walikuwa wanawakumbusha mali ya ukoo. Lakini siasa hujibu kwa njia zake. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, mfungwa wa Guantánamo aliyeshtakiwa kwa mabomu ya 1998 kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, alipohamishiwa mahakama ya kiraia New York, na mwaka 2010 akapatikana na hatia katika shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280, alifungwa maisha. Hata hivyo Bunge likazuia wafungwa wengine wasiletwe bara kushtakiwa. Mwanzoni mwa 2025, baada ya Wayemeni 11 kupelekwa Oman, walibaki 15.

Geneva kwa sasa isikuchukulie muda mwingi. Marekani ilijitoa kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, lenye makao huko, 2018, ikarudi, ikajitoa tena Februari 2025, na Novemba mwaka huo haikuhudhuria kikao cha Baraza hilo cha kuipitia rekodi yake yenyewe.

Sasa barua. Kosa la kwanza ni kumwandikia asiye na uwezo. Rais hawezi kumfukuza polisi wa Minneapolis. Nchi ina vyombo vya polisi karibu 18,000, na vingi viko chini ya mji au kaunti. Kwenye kesi ya kifo, jiulize kalamu iko kwa nani. Alabama, gavana. Kesi ya serikali kuu, rais, kupitia ofisi ya msamaha ya Wizara ya Sheria. Texas ni tofauti: gavana hawezi kupunguza adhabu mpaka wengi kati ya wajumbe 7 wa bodi ya msamaha wapendekeze, peke yake anaweza tu kuahirisha mara moja kwa siku 30. Ombi rasmi la mfungwa hutakiwa siku 21 kabla ya tarehe, kwa hiyo barua ya Texas iende kwa bodi kabla haijapiga kura, na wakili wa mfungwa ajue imeandikwa. Wakili anaweza kukuambia kwamba barua yako itadhuru. Msikilize.

Ukurasa mmoja, mfungwa mmoja, jina lake kama lilivyo kwenye kumbukumbu za gereza, namba yake, tarehe. Sentensi ya kwanza iseme unaomba nini. Ya pili, ya kwenu. Kisha sababu moja kutoka kwenye kesi yenyewe: wakili aliyelala, ushahidi usiosikilizwa, ubalozi usioarifiwa. Kisha sababu ya Oklahoma, kama inahusika. Usiandike “aibu kwenu”. Usitume barua moja iliyonakiliwa mara mia; huhesabiwa kama moja, au hurushwa kwenye jalala la barua pepe. Ukitaka kunukuu maandiko, Azimio lao la Uhuru la 1776 linasema kwamba heshima kwa maoni ya wanadamu inawataka waeleze sababu zao. Hayo ni maneno yao wenyewe, wengi waliyasoma shuleni. Nakala ipeleke ubalozi wao Nairobi. Wengi huona hiyo ni kupoteza karatasi, lakini kumbuka telegramu ya Dulles ilivyoanza.

Shirika lenye uwezo zaidi linaweza kuandika mahakamani kama rafiki wa mahakama. Mbele ya Mahakama ya Juu, lazima wakili aliyesajiliwa kwenye mahakama hiyo ndiye awasilishe. Kikomo ni maneno 6,000 mahakama inapokuwa bado haijakubali kusikiliza kesi, na 8,000 ikishakubali, ndani ya siku 7 baada ya upande unaouunga mkono kuwasilisha hoja zake. Hata rangi ya jalada imepangwa: krimu hatua ya kwanza, kisha kijani hafifu kwa mwombaji au kijani kilichokoza kwa mjibu ombi. Jalada la rangi isiyo yake hurudishwa. Andikeni kile ambacho pande mbili haziwezi kukisema, kama vile sheria yenu inavyofanya kazi kwa kweli, na acheni mahubiri.

Kabla ya yote hayo, tafuta karatasi. Sheria yao ya kupata taarifa, ya 1966, haiulizi uraia. Mtu wa Mombasa anaweza kuiomba idara ya serikali kuu nyaraka zake. Taja nyaraka, tarehe na ofisi kadiri unavyoweza. “Kila kitu kuhusu Mombasa” kitakataliwa au kitakaa miaka. Idara inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi, na mara nyingi huchelewa, lakini ucheleweshaji wenyewe unaweza kushtakiwa. Majimbo yana sheria zao, na baadhi huwajibu wakazi wao tu.

Tahadhari mbili. Serikali ya nje ya Marekani ikiwalipa ninyi kuzungumza na wabunge au umma wa kule, huenda mkatakiwa kujisajili chini ya sheria ya 1938 ya mawakala wa nchi za nje. Muulizeni wakili kabla ya kupokea fedha. Ya pili ni viza. Kumwandikia gavana si kosa, na mgeni aliye ndani ya Marekani ana uhuru wa kusema. Lakini aliye nje anayeomba kuingia hana kinga ile ile: mwaka 1972 Mahakama ya Juu iliiachia serikali imzuie msomi wa Kibelgiji, Ernest Mandel, aliyealikwa na vyuo vikuu vyao. Fomu ya viza huuliza akaunti zako za mitandao ya miaka 5 iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo na za programu za kubadilishana huambiwa waziweke wazi ili zikaguliwe. Kama shirika lenu lina mwanafunzi anayengoja viza mwaka huu, barua na itoke kwa jina la shirika, isainiwe na mwingine.